Mpangaji wa Nyuma ya Tanuri

Ukimtaja Mama Mikate kule Tunduma, mtu anakuuliza kwanza habari za chatu. Inaniudhi. Yule mama ameamka alfajiri kukanda unga tangu mimi bado sijajua kutia uzi kwenye sindano, skonzi zake zimevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mara nyingi kuliko madereva ninaowafahamu, halafu watu wanakuja kukumbuka nyoka. Basi mimi nitaanza na mikate, chatu atasubiri zamu yake. Kusubiri ndiyo kazi anayoiweza kuliko sisi sote.

Kibanda changu cha kushonea kiliegemea ukuta wa tanuri lake kwa miaka mingi. Wakati wa kipupwe, mji unapofunikwa na ukungu na madereva wa malori wanajifunika mablanketi mchana kweupe, mimi nilishona mgongo ukiwa ukutani kama paka. Hiyo ndiyo faida ya ujirani niliyopata. Hasara yake ni kwamba nilisikia kila ugomvi. Mama Mikate aligombana na waleta unga, na wateja waliobonyeza mikate ("Mkate si parachichi, mwanangu, haupimwi kwa kidole gumba"), na hata na kwaya ya kanisani kwake, ambako aliimba sauti ya pili kwa nguvu nyingi na usahihi kidogo. Mwalimu wa kwaya aliwahi kumwomba apunguze. Akamjibu kwamba kifua kile kapewa na Mungu, kama kuna malalamiko yapelekwe huko. Hakupunguza.

Alikuwa mfupi, mnene, mikono imeungua ungua mpaka viwikoni, na alitembea upesi kuliko umri wake. Kwao ni milimani huko Mbozi, kwenye kahawa, lakini habari za ukoo hakuwa na subira nazo. Mtu akimuuliza yeye ni wa nani, alijibu, "Wa mikate." Mume wake alikuwa ametangulia mbele ya haki kabla sijahamia pale, na binti yake mmoja ameolewa Isansa. Kwa hiyo alipozeeka alibaki na tanuri, wasichana wawili wa kukanda, sauti yake ya pili, na yule mpangaji.

Haya, zamu yake imefika.

Kuni za Mama Mikate zilitoka bondeni, upande wa Kamsamba, ambako kuna joto na mpunga. Mchana mmoja lori lilishusha magogo, na gogo moja lilikuwa na uwazi ndani. Mama alikuwa ameshalisogeza mdomoni mwa tanuri alipoona kitu kinatoka upande wa pili, urefu wa mkono wake, unene wa kidole gumba, kina madoa ya kahawia yaliyopangwa vizuri kuliko kitenge chochote nilichowahi kukata. Washusha kuni wakashika fimbo. Mama Mikate akashika ndoo tupu ya mafuta ya kupikia.

"Amekuja mpaka kwenye moto wangu na moto haukumpata," akawaambia. "Nani kawaagiza nyinyi mmalizie?"

Nilisimama mlangoni mwa kibanda changu, mguu mmoja ndani, nasema ukweli. Nilimwambia, "Mama, huyo ni chatu. Anakua." Akanijibu kwamba hata mimi nilikua na hakuna aliyenipiga fimbo. Mpango wake ulikuwa amrudishe bondeni na lori lilelile. Dereva akakataa kupanda na nyoka kwenye kabini. Mama akasema basi atangoja lori jingine. Na dereva wa lori jingine akakataa, na wa lile lililofuata, mpaka ikawa hakuna tena anayemuuliza dereva yeyote. Jina la Mpangaji lilitokana na hapo, maana kila siku mama alikuwa akisema huyu yupo kwa muda tu, kama mpangaji.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Tunduma ni baridi mno kwa mtoto wa bondeni. Chatu akalala ndani ya ndoo, akakataa panya wa kwanza, akakataa wa pili. Wasichana wakasema anakufa. Mama Mikate akaibeba ndoo akaiegemeza kwenye ukuta wa tanuri, mahali palepale ambapo upande wangu palikuwa na mgongo wangu, akaiacha. Asubuhi yake panya hayupo. Tangu siku hiyo alipima ukuta kwa kiganja kila alipopita. Ukiunguza ni mbaya, ukiwa wa baridi ni mbaya zaidi. Jumapili, siku ambayo hakuoka, aliwasha moto mdogo kabla ya kwenda ibadani, na mzee mmoja wa kanisa akamwita pembeni kumuuliza kwa nini anafanya kazi siku ya Bwana. "Sioki mkate, baba," akamwambia. "Nampasha mpangaji." Mzee hakuuliza mpangaji gani.

Kutunza kitu kinachokua ni kuhama na kuhama. Ndoo ikawa ndogo, akaingia pipa la unga lililotobolewa matundu. Pipa likawa dogo, mama akaenda kwa muuza nyama akapata friza bovu, fundi akalitoboa ubavuni na kuweka wavu, likasogezwa hadi kwenye ukuta wenye joto. Kila nyumba aliyoitengeneza alinihakikishia ndiyo ya mwisho. Mimi fundi cherehani nilimwambia wazi, "Mama, mtoto anayekua anaachiwa pindo. Wewe unamshonea nguo ya kumbana."

"Mbona wewe sare za shule unazibana?"

"Sibani. Wanakula skonzi zako."

Alicheka, lakini alisikia. Kila chatu alipojivua, ngozi ililetwa kwangu niipime kwa futi kamba yangu ya kushonea. Ngozi iliyovuliwa hunyooka, kwa hiyo mimi nilipima na yeye akapunguza, na tulibishana kiasi cha kupunguza. Siku futi kamba ilipoisha kabla ya ngozi kuisha, tuliangaliana, na hakuna aliyebishana. Wiki ileile alihamisha magunia yake ya unga kutoka stoo ya uani, iliyoshikana na nyuma ya tanuri, akaipiga stoo lipu na sakafu, akajenga humo birika la saruji la kuogea, akasimamisha mti mkavu kwa ajili ya kupanda. Mlango akaupaka rangi ya kijani. Ndio ulikuwa mlango mzuri kuliko yote kwenye nyumba ile. Kumbukeni huo mlango.

Sheria ya stoo ilikuwa moja na aliitunga mwenyewe. Kwenye mlango wa kijani palikuwa na mwiko umening'inia kwenye msumari. Kabla ya kuingia unagonga ukuta kwa mwiko, unasema hodi, unangoja, unaingia, unamgusa chatu ubavuni kwa mpini wa mwiko, taratibu. Chakula hakipiti mlango huo hata siku moja. Chakula kilipita kidirisha kidogo upande wa tanuri, kikiwa kimeshakufa, juu ya ubao wa mpini mrefu alioupaka rangi nyekundu ili usije ukachanganywa na ubao wa kutolea mikate. Hivyo yule mnyama alijua: kidirisha kikifunguka ni kula, mwiko ukigonga ni mgeni tu.

"Lakini mama, nyoka hasikii hodi," nilimwambia.

"Anasikia ukuta unavyotetemeka. Hodi ni ya kwangu mimi, nisiingie na akili za jikoni."

Na kweli, nimemwona kwa macho yangu akigonga, na lile dude lililolala limejikunja pembeni likainua kichwa kidogo, likautoa ulimi, likalala tena. Mama alikuwa akijijibu mwenyewe "Karibu" kwa niaba yake. Wasichana wa kukanda walizoea haraka kuliko mimi. Mimi ilinichukua ngozi kadhaa.

Sasa mwanamke huyohuyo alimwogopa kinyonga. Kinyonga mmoja alipita siku moja kwenye kamba yangu ya nguo, polepole, hana habari na mtu, na Mama Mikate alipanda juu ya benchi akaniomba kwa sauti ya mtoto nimtoe. Nikamkumbusha ana chatu ndani. "Chatu anaangalia anakokwenda," akasema. "Huyu jicho moja linaniangalia mimi na jingine linaangalia Zambia. Utamwamini vipi?" Nilimtoa kwa rula. Sikumruhusu asahau siku hiyo, na kila alipoanza kunigombeza nilimuuliza habari za kinyonga.

Mambo mengine hayakuwa ya kucheka. Nchi hii ukifuga nyoka, watu hawaulizi anakula nini, wanauliza anatapika nini. Uvumi ulianza taratibu. Mikate inauzwa sana, kumbe kuna nyoka wa utajiri, anatapika noti. Mume alikufa mapema, unaona sasa. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kumuuliza waziwazi, kwa heshima zote, kama naye anaweza kupatiwa mtoto wa yule nyoka. Mama Mikate akampeleka jikoni akamwonyesha gunia la unga, hamira na beseni. "Vyote vinatokea hapa," akamwambia. "Vua saa, ukande." Alikanda mpaka mikono ikamuuma. Hakurudi kuuliza tena, lakini mmoja akiacha wanakuja wengine.

Nilimshauri amfiche zaidi, aweke ukuta mrefu. Alinitazama kama vile nimebonyeza mkate. "Nikimficha ndio atakuwa mchawi," alisema. "Kitu cha kufichwa watu wanakimalizia wenyewe vichwani." Niliona ni maneno tu. Baadaye ndiyo yaliyomwokoa.

Nafika kwa mkwe.

Baba wa kijana aliyemwoa binti wa Mama Mikate ni mkulima wa Isansa, mzee mrefu, mkimya, anayevaa koti hata jua likiwaka. Ni mtu wa adabu za zamani kabisa. Binti alikuwa amejifungua msichana, mjukuu wa kwanza wa pande zote mbili, na mzee akaona ni wajibu wake kuja mwenyewe kumsalimia mkwe mwenziwe kwake. Na mtu kama yeye haji mikono mitupu. Alikuja na kuku jike mweupe, hai, amembana kwapani ndani ya koti.

Alifika wakati tanuri limejaa. Alipiga hodi kutoka uani. Mama Mikate, kichwa kiko motoni, akadhani ni mteja, akajibu kwa sauti, "Karibu, pita." Apite wapi? Mkwe hapiti dukani kama mnunuzi. Jikoni ndiyo kabisa, mzee wa adabu zile hawezi kumkuta mkwe wake jikoni na kanga ya kazi. Akatazama pale uani kutafuta mlango wa sebule, akauona mlango mzuri kuliko yote, wa kijani, umetoka kufanyiwa usafi, kufuli linaning'inia wazi. Akafuta miguu. Akaingia na kuku.

Mwiko aliuona. Alidhani umeanikwa.

Mimi nilichosikia ni kuku, mara moja tu, na halafu mzee aliyekuwa hapandishi sauti maishani mwake akipandisha. Nilifika nikiwa na mkasi mkononi. Chatu alikuwa amemkamata kuku na kumzungushia mwili, na mkono wa koti ulikuwa katikati ya ile mizunguko. Mzee mwenyewe, nashukuru Mungu, mkono wake aliuchomoa kwenye koti akabaki nje ya mlango na shati, kofia iko sakafuni. Hakuwa na hata mkwaruzo. Mama Mikate akaingia, akaangalia, akasema kwa utulivu, "Mwacheni. Akishaanza havutwi. Fundi, kata."

Nilikata mkono wa koti la mkwe begani, sijawahi kukata vibaya hivyo. Mama akalitoa lililobaki, akalikung'uta, akampelekea mzee kwa mikono miwili na goti chini.

Mzee alilipokea. Akasema maneno ambayo mtaa mzima uliyasema kwa miezi. "Mkwe, mimi nimeleta kuku. Nauliza tu, aliyempokea ni nani?"

Kisha akaondoka, mkono mmoja wa shati nje, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Na kabla hajapanda gari la kurudi kwao alituma neno: mjukuu wake hatakanyaga nyumba ile maadamu yule nyoka yumo.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Mikate akikaa chini mchana. Alikaa kwenye gunia la unga na hakugombana na mtu. Nilimwambia kama jirani, tena kwa nia njema, "Mama, mtoe. Mjukuu ni mjukuu." Alijifuta unga viganjani. Akasema, "Nikimtoa kwa sababu alifanya kilekile nilichomfundisha, kwamba asiyegonga si mgeni, nitamfundisha nini huyo mjukuu?" Nilirudi kwenye cherehani yangu na sikushona kitu.

Mkutano wa mtaa uliitishwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Wapo waliosema achomwe, wapo waliosema nyumba nzima ichomwe. Mwenyekiti, mtu mwenye busara, alikuwa amemwita afisa wanyamapori, mama mmoja kijana mwenye sauti ndogo, ambaye alikuwa ameshaingia stoo na kumkagua chatu kwa zaidi ya saa nzima.

"Mama," afisa alianza, "kwanza kabisa, mnyama huyu ulitakiwa kuja kutuarifu siku ya kwanza."

"Nilikuwa na mkate motoni, mwanangu."

"Miaka yote hii?"

Watu wakacheka, na Mama Mikate akainamisha kichwa. Afisa akaendelea kwamba mnyama ana afya nzuri ajabu, kwamba amelelewa na watu na ukimwachia bondeni hatamkimbia mtu, na mtu atamuua. Lakini stoo ya mlango mmoja haifai. Panatakiwa nyumba yenye milango miwili, ufungue mmoja wakati mwingine umefungwa, makufuli, paa la nondo, na watu wazima wawili kila inapofunguliwa. Nyumba ikiwa tayari kabla ya kipupwe, atamsaidia kuomba kibali. Isipokuwa tayari, anamchukua na kumpeleka mbali, panapofugwa wanyama.

Ikawa zamu ya Mama Mikate. Nilijua atafoka. Hakufoka. Alisimama na ile kanga yake ya kazi yenye unga.

"Kosa ni la mlango," alisema, "na mlango ni wangu. Nilimwekea mlango mzuri nikasahau kwamba wageni wangu wana adabu. Mkwe wangu hakukosea kitu. Sasa siwaombi mniamini. Nitamjengea barabarani, upande ule malori yanapopita, na nitaweka dirisha. Kila mtu atamwona mchana, akila na akilala. Siku mtakayoona ametapika hata noti moja, njooni mmchome na mimi."

Halafu sauti ya mwanamke kutoka nyuma, mmoja wa wale Wazambia wanaochukua skonzi kila asubuhi, ikasema, "Bamayo," yaani mama kwa lugha yao, "dirisha liwe kubwa." Watu wakacheka tena, na safari hii haikuwa dhidi yake.

Sijawahi kuona mtu akijenga vile. Matofali ya kuchoma yalitoka Iyula kwa kaka yake. Nyumba iliegemezwa kwenye ubavu wa tanuri unaotazama barabara, ili ukuta wa joto uwe uleule. Fundi wa kuchomelea mageti, aliyekuwa wa kwanza kusema nyumba ichomwe, alitengeneza milango miwili na kuijaribu kwa kuipiga teke. Dirisha lilishinda akili za wote mpaka madereva waliokwama foleni ya mpakani walipoingilia. Lori moja lilikuwa limekufa kando ya barabara, kioo cha mbele kizima. Mwenye lori alikuwa akinywa chai kwa Mama Mikate kila asubuhi tangu lilipokufa. Wakaking'oa kwa kamba na maneno mengi, wakaja nacho watu sita wamekibeba kama wanaleta bibi harusi. Kikaingia ukutani kana kwamba kilikatwa kwa ajili hiyo.

Mimi nilishona mfuko. Mwanzoni nilikataa, halafu nikaona aibu kukataa. Niliukata kwenye turubai la lori, mrefu kama mguu wa suruali ya jitu, na dirisha la wavu upande mmoja ili apumue. Pindo niliacha kubwa.

Siku ya kumhamisha ukungu ulikuwa umeanza kuja asubuhi, kipupwe kilikuwa karibu na hapakuwa na muda wa kupoteza. Mama Mikate alikataa kabisa ifanywe alfajiri watu wamelala. Alichagua mchana. Afisa alimwingiza chatu mfukoni pamoja na mama, na watu wanane wakabeba: mafundi, madereva, wasichana wawili wa kukanda, yule kijana wa bodaboda, na mimi, ndiyo, mimi, nilishika karibu na mkia na nilihisi ule uzito ukisogea polepole ndani ya kitambaa nilichokishona mwenyewe na mshono haukuachia hata uzi mmoja. Tulitoka geti la uani tukazunguka kona. Barabara ilikuwa imejaa watu. Lori moja lilizima injini, na la nyuma yake likazima, na Mama Mikate akatangulia mbele yetu ameinua mwiko, akaanza wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake ya pili. Kwaya yake ilikuwepo, nusu yake. Wakaupokea. Walikuwa nje ya sauti wote na sijasikia kitu kizuri zaidi.

Alipofika alisimama. Akagonga ukuta mpya kwa mwiko. "Hodi," akasema, na umati mzima, wale waliotaka kuchoma na wale waliotaka kitoto cha nyoka, ukajibu, "Karibu."

Afisa alitikisa kila kufuli, akaingia, akatoka, akampa mama mkono. Kibali kilikuja baadaye, kikatundikwa kwenye fremu juu ya skonzi. Watu walisimama kwenye kioo siku nyingi wakingoja muujiza. Walichoona ni mnyama mkubwa amelala kwenye joto. Baada ya muda wakaanza kuja kumwona kwa sababu ni mzuri. Uvumi haukuuawa na mtu, ulichoka tu kusimama pale dirishani bila kuona kitu. Nilijivuna kana kwamba nyumba ni yangu.

Ila mzee wa Isansa hakuja. Binti aliniletea koti lake, nikalishonea mkono mpya wa kitambaa kinachokaribiana, akalirudisha. Alilivaa, tulisikia. Lakini neno lake lilibaki neno. Mama Mikate alipanda gari kwenda kumwona mjukuu Isansa na kikapu cha skonzi, akarudi, na mtoto hakuletwa. Hilo hakulisemea. Aligombana zaidi na waleta unga, ndivyo nilivyojua.

Siku hizi nimehamishia cherehani Vwawa, karibu na wanangu. Kipupwe hiki kilichopita nilishuka Tunduma kununua uzi, nikaenda kwake. Magoti yamemshinda, anakaa kwenye benchi nje, mgongo ukutani kama nilivyokuwa nikikaa mimi, anagombeza kwa mbali. Wasichana wale wawili sasa ni wanawake na ndio wanaooka. Mpangaji alikuwa amejikunja nyuma ya kioo, mkubwa, anang'aa, ametoka kujivua. Alinipa chai. Akaniambia nimekonda. Nikamuuliza habari za kinyonga.

Tulikuwa tukicheka alipomwona, na akaacha kucheka. Kwenye kona, pembeni ya bodaboda, alisimama yule mzee mrefu wa Isansa. Koti lilikuwa lilelile, na mkono nilioushona mimi ulikuwa umepauka kidogo kuliko mwingine. Ameshika mkono wa msichana mdogo mwenye gauni la njano.

Mama Mikate alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Mzee alikuja polepole mpaka mbele yetu. Alimwachia mtoto, akafungua koti lake, upande wa kulia, upande wa kushoto, akatuonyesha makwapa. Kisha akanyoosha viganja vyote viwili mbele ya mkwe wake. Kwa mtu wa kwao, kwa mzee kama yule, kuja hivi ni kitu ambacho wenziwe wangemcheka mpaka kaburini.

"Mkwe," alisema, "leo nimekuja mikono mitupu."

Machozi ya Mama Mikate sikuwahi kuyaona kwa miaka yote ya ukuta ule. Niliyaona. Aliufikia mwiko kwenye msumari bila kugeuka, akamwekea mjukuu mkononi, akamwelekeza ukutani, si kwenye kioo, ukutani. Mtoto aligonga. Ndani, kile kichwa kikainuka kidogo, ulimi ukatoka, kikalala tena.

"Hodi," mtoto alisema.

"Karibu," akajibu Mama Mikate. Kisha akamgeukia mzee, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi, penye joto. "Karibu, mkwe. Umekuja vizuri."